Ninaandika Mapenzi kwa Riziki, Lakini Siku ya Ngurario Yangu Nilimchagua Cucu

Wakuu, hamjambo huko mliko. Hapa Nyeri kuna ukungu tangu asubuhi na nimevaa jaketi mbili, kwa hiyo mkiona typing error, laumuni vidole.

Mimi huandika riwaya za mapenzi. Kudanganya ndiyo kazi yangu, Jumatatu hadi Jumamosi. Leo niko off. Haya yote yalitokea, mashahidi wapo, na wengine wamo humu humu jukwaani. Nikiongeza chumvi wataniumbua.

Kwanza mnijue.

Nilikaa Doha miaka kadhaa. Nilienda nikiwa mlinzi wa mlangoni, nikarudi nikiwa supervisor. Nina diploma ya mawasiliano niliyojisomesha mwenyewe, iko kwenye fremu sebuleni. Nyumba ya mawe pale Giakanja ni yangu, si ya urithi. Sisemi haya kujigamba, ni background tu.

Kule nililinda lobby ya jengo refu sana. Kila siku niliwaona matajiri wakiingia kwenye lifti wakinukia vizuri, wakitoka wakinukia vizuri zaidi. Ndipo nikaanza kuandika kwenye simu. Riwaya yangu inaitwa Pendo la Ghorofa ya Arobaini. Mwanamume anaitwa Brayden, mwanamke anaitwa Shanelle. Mimi mwenyewe sikuwahi kupita ghorofa ya pili, maana kazi yangu ilikuwa chini. Lakini mwandishi ana imagination.

Huitoa sura kwa sura kwenye group la WhatsApp, kila Ijumaa. Wasomaji wako Murang'a, Karatina, hadi Nanyuki, ambako kuna mama mmoja muuza mbuzi ambaye kila wiki huniuliza Brayden atasilimu lini.

Watu huniuliza process yangu ikoje.

Naamka, nakamua ng'ombe. Hilo halina mjadala, mama yangu hatambui writer's block. Kisha naoga, navaa suti, najipaka oud, manukato ya Kiarabu niliyotoka nayo Doha, halafu naingia kwenye chumba changu cha kuandikia. Ni cha mabati na kimepakana na zizi. Suti ni ya lazima. Huwezi kumwandika bilionea ukiwa na gumboots, sentensi zinatoka na matope.

Na oud ni ya kupigana na harufu ya silage, yale majani ya ng'ombe yaliyovundikwa. Nikiandika "alinukia kama waridi la alfajiri" huku ng'ombe akijisaidia upande wa pili wa bati, nahitaji msaada.

Sasa, Wangeci.

Wangeci ndiye aliyekuwa mchumba wangu wakati huo. Ana agrovet pale Gakindu. Anauza dawa ya minyoo, mbegu na chakula cha ng'ombe, na akikuuzia kitu amekuuzia, hakuna kurudisha. Yeye ndiye alikuwa msomaji wangu wa kwanza. Kila sura ilipita kwake kabla ya kufika kwenye group. Nilikuwa namsomea nikiwa nimekaa juu ya gunia la dairy meal, yeye akihudumia wateja.

Wangeci hakosoi kwa maneno mengi. Yeye husonya. Ule mlio wa kuvuta hewa kati ya meno, mfupi, mkavu, kama mtu anayefunga zipu. Ukifika kwenye sentensi asiyoiamini, unausikia. Hata awe anampimia mteja dawa, amekupa mgongo, mlio utakuja.

Brayden alipombeba Shanelle kwa ngazi hadi ghorofa ya arobaini akimwimbia, Wangeci alisonya.

"Lifti iko wapi?"

"Imeharibika. Ni romantic."

"Na pumzi ya kuimba anatoa wapi? Halafu huyu Shanelle hana kazi? Mtu anashinda akiangalia dirisha, anakula nini?"

Nikaendelea kusoma. Mtu wa agrovet hawezi kuelewa fani.

Lakini sura iliyoniletea balaa ni ile ya stima kupotea. Kuna party kubwa, taa zinazimika, na Brayden lazima amtafute Shanelle gizani katikati ya wanawake wengi. Anamtambua kwa harufu ya oud na kwa kucha zake ndefu nyekundu zinazogonga glasi. Anamshika mkono na kusema sentensi ambayo niliifanyia kazi wiki nzima:

"Shanelle, hata dunia yote ikizimwa stima, moyo wangu una pua, nao utakunusa hadi mwisho wa mbingu."

Wakuu, Wangeci alisonya hadi mteja akageuka.

"Kama mbwa?" akauliza.

Nikaipeleka kwenye group hivyo hivyo. Walilia! Emoji za machozi zilijaa screen. Aliyelia kuliko wote alikuwa Tata Nyawira, shangazi yake Wangeci, mwalimu mstaafu na shabiki wangu sugu. Aliandika, "Mwandishi, hii sura nitaisoma tena na tena." Nikajua huko kwa kina Wangeci nina mtu wangu.

Kumbe mama huyo alikuwa anasoma kama mtu anayejiandaa na mtihani.

Siku ya ngurario ikakaribia. Kwa wasiojua, hii ndiyo sherehe yetu ya mwisho ya kimila. Inafungwa kwa kukata bega la mbuzi, kiande, na kikishakatwa, huyo ni mke wako, hakuna wa kupinga. Lakini kabla ya kisu kuna mtihani. Wanawake kadhaa wanaletwa wamefunikwa leso kuanzia utosini hadi chini, wameinama, hawaongei. Mmoja ni bibi harusi. Unamchagua. Ukikosea, unatozwa faini na kuchekwa.

Nilimwambia Wangeci asijali, nitamjua macho yakiwa yamefumbwa. Hata kwenye group nilitangaza. Niliandika, "Anayeandika mapenzi hawezi kuyapotea."

Wangeci hakucheka. Alikuwa anafunga duka. Akaniambia bila kunitazama, "Kila siku unaniangalia hapa, lakini unaandika mtu mwingine. Ukinikosa mbele ya watu wetu, nitajua ni nani umekuwa ukiona."

Hiyo iliniingia, sitadanganya. Lakini nilikuwa na sura ya Ijumaa ya kumaliza.

Siku yenyewe tulifika kwao Mukurweini na watu wetu, nikiwa na suti ileile ya kuandikia. Hema limejaa. Tata Nyawira ndiye alikuwa na microphone.

"Leo tuko na mwandishi!" akasema. "Huyu anajua mapenzi kuliko sisi wote. Kwa hivyo mama wa hapa wamekubaliana: mara ya kwanza akikosea, ni mbuzi. Mara ya pili akikosea, kiande haikatwi leo. Mrudi nyumbani mjipange."

Wazee wetu wakaguna. Mama yangu akanishika koti. "Ati mara ya pili? Wewe, usituaibishe hapa. Nimebeba sufuria zote."

Wakaingia. Wanawake watano, leso za aina moja, wameinama kimo kile kile, wanatembea kwa kuburuta miguu. Vigelegele. Nikapita mbele yao taratibu, mikono nyuma, kama nilivyokuwa nakagua walinzi wangu Doha.

Nikafika kwa wa tatu. Oud.

Si oud yoyote tu, wakuu. Ile yangu. Chupa niliyomletea Wangeci kama zawadi. Na pale leso ilipokutana kifuani, zikachungulia ncha za kucha. Ndefu. Nyekundu.

Nikafikiria, mtoto wa watu, kumbe alikuwa anasikiliza! Amejipamba kama kwenye sura! Nikamshika mkono nikageukia watu. "Huyu hapa malkia wangu!"

Leso ikafunguliwa.

Cucu.

Nyanya yake Wangeci, jino moja mbele, kucha za kubandika, ananukia kama lobby ya Doha. Hema zima lilianguka kwa kicheko. Kuna mzee wa upande wetu alicheka hadi akashikiliwa.

Nikajaribu kuutoa mkono. Cucu akaukaza.

"Unaenda wapi? Si umenichagua? Mimi sirudi ndani."

Tata Nyawira akashika microphone kwa mikono miwili. "Mwandishi, pua ya moyo imekuwa na homa?"

Nikajua nimeuzwa, na aliyeniuza ni sentensi yangu mwenyewe. Baadaye niliambiwa kwamba Wangeci hakuwahi kuipaka ile oud, alisema inafukuza wateja. Chupa ilikuwa kabatini nzima nzima hadi Tata alipompaka Cucu siku hiyo.

Mbuzi wa faini akaandikwa kwetu. Wanawake wakarudi ndani, wakapangwa upya, wakatoka tena. Safari hii hakuna harufu wala kucha. Cucu alikuwa amekalishwa kando na soda yake, kwa hiyo walibaki wanne. Marobota manne ya leso.

Hapo ndipo mambo yalibadilika kwangu. Kicheko kilikuwa kimeanza kuisha na watu walikuwa wananiangalia kwa ile huruma ambayo ni mbaya kuliko kicheko. Mama yangu alikuwa ameketi juu ya sufuria yake kubwa. Na nikakumbuka maneno ya pale dukani. Mmoja wa hao wanne alikuwa Wangeci, chini ya kitambaa, anangoja kuona kama namjua.

Nikajaribu kukumbuka miguu ya Wangeci. Sikuiona akilini, niliona gumboots. Vidole vyake? Niliona glovu za kupimia dawa. Nikamwona Shanelle waziwazi, hadi kidoti cha shavuni. Wakuu, nilitoka jasho kwenye baridi ya Mukurweini.

"Tunangoja," akasema Tata Nyawira. "Sema basi kitu. Si wewe ni mtu ya maneno?"

Ni kweli. Mimi ni mtu wa maneno. Na kuna kitu kimoja nilikijua kuhusu Wangeci ambacho hakuna mwanamume mwingine Kenya hii anakijua kama mimi.

Nikaomba microphone.

Nikaanza polepole. Nikasema wewe ni nyota ya mlima wangu. Kimya. Leso hazikutikisika. Nikasema macho yako ni maziwa mawili ya asali. Kimya, ila shangazi mmoja kwa nyuma akasema "ooh." Nikaona Wangeci amejikaza, na anajua kujikaza huyo, ni mtu wa kuuza kwa mkopo na kungojea madeni.

Basi nikavuta pumzi, nikafumba macho, nikaitoa yote, kwa sauti ya bilionea:

"Mpenzi, hata dunia yote ikizimwa stima, moyo wangu una pua, nao utakunusa hadi mwisho wa mbingu!"

*Mchts.*

Wa pili kutoka kulia. Mfupi, mkavu, zipu imefungwa.

Sikutembea, nilikimbia. Nikamshika mkono kabla hajapata nafasi ya kujuta. "Huyu. Huyu ndiye wangu, na mkiniletea mwingine simchukui."

Tata Nyawira akaruka. "Hapana! Ameongea! Bibi harusi hapaswi kuongea!"

Wazee wetu nao wakasimama. "Kusonya si kuongea! Amesema neno gani? Litaje!"

Ukazuka mjadala mkubwa wa kimila, wazee wa pande zote mbili, kama kusonya ni lugha. Mimi nimeushika mkono, siuachi. Ulikuwa na ngozi ngumu kwenye kiganja, chini ya kidole cha pete, mahali ambapo kamba ya gunia hukaa. Sikuwa nimewahi kuiandika.

Aliyeamua kesi alikuwa Cucu. Aliweka soda chini.

"Mimi nimesonya mzee wangu maisha yake yote. Hakuna siku alisema nimeongea. Kateni nyama."

Wakafunua leso. Alikuwa Wangeci, amenuna, lakini macho yanacheka. Kiande kikakatwa.

Sasa somo, maana najua mmesubiri. Mnaoandika, msiwaogope wanaolia kwa emoji. Waogopeni kidogo tu. Lakini mtu anayevumilia kuisikia kazi yako mbovu kila siku, na bado anakuambia ukae juu ya gunia umsomee nyingine, huyo mshike mkono mbele ya watu. Mimi nilijua. Ilinigharimu mbuzi tu kukumbuka, na kwa mtu wa kiwango changu mbuzi si kitu.

Riwaya mpya tayari imeanza. Shujaa ni mwanamke mwenye agrovet. Group limelalamika sana kwamba haina uhalisia. Tata Nyawira anadai arudishiwe ghorofa yake.

Nimemuuliza Wangeci mara nyingi kama siku ile alishindwa kujizuia au alinihurumia. Anasema kulikuwa na kitu kwenye jino.

Uzi huu nimemsomea wote jana dukani kabla ya kuupost. Amesonya mara tatu. Mahali penyewe sijapabadilisha, na sitawaambia ni wapi.

Tafuteni wenyewe, mniandikie hapo chini.