Ungo wa Bibi Chini ya Mkorosho

Korosho zikikaangwa dukani kwa yule Msomali, huku ugenini Mayfair, mimi sipiti. Nasimama. Mwenyewe anadhani naogopa bei, kumbe pua imeshafika kwetu Tanga, nyuma ya nyumba ya bibi yangu.

Shule sikukaa sana, ila mkorosho niliusoma. Tawi lake linakuchekea, kisha linakatika. Tulilijaribu kwa kisigino kwanza, tukasikiliza. Likilia kavu, tunarudi. Magauni yalijaa madoa ya mabibo, yale yasiyotoka kwa sabuni yoyote, na kipigo chake tukiache tu.

Bibi, aliyekaa chini ya mti akipepeta mchele kwa ungo, alikuwa na sheria moja: mtoto hainuliwi. Siku moja mdogo wangu Mwanahawa alilia pale shinani, "Dada, nivute!" Nikanyoosha mkono.

"Wee! Muache!" Bibi hata macho hakuinua. "Akipanda mwenyewe atajua na kushuka."

Nilimwona hana huruma. Mwanahawa alinuna msimu mzima. Mwaka uliofuata akatupita wote, akawa anatutupia makapi ya mabibo vichwani.

Sasa nina mjukuu, Rahma, miaka minane. Tunakaa ghorofani, nondo madirishani, nondo mlangoni. Ngazi anashuka kaning'inia kwenye chuma kwa mikono miwili, kama mimi mwenye magoti mabovu. Nikamwambia mama yake, binti yangu Zuhura, tumwache acheze japo hapo nje, apande ukuta, aruke.

"Mama, hapa si Tanga. Gari likimpitia? Mtu akimbeba?"

Eish. Mtoto wa jirani aligongwa hapohapo kwenye taa za barabarani, robot wanavyoziita huku, nyekundu ikiwa imewaka.

Jana tunashuka, Rahma akagoma karibu na mwisho. "Bibi, nishike!" Kiswahili chake chote ndicho hicho, mengine ni Kiingereza. Nikaficha mkono nyuma. Akakikumbatia chuma, macho kafumba.

Hapo nikaukumbuka ungo. Tulipokuwa kwenye tawi jembamba, ungo wa bibi ulikuwa unanyamaza. Tukikanyaga chini, unaanza tena, sha, sha. Utotoni nilidhani anapumzika.

Bibi alikuwa na mchanga chini ya mti ule. Mimi nina saruji, na mtoto ambaye hajawahi kuanguka.

Nikampa mkono. Aliniminya vidole mpaka vikauma, na chini yake palibaki ngazi moja tu.