Kiatu Nilichokiacha Kwenye Tope

Jumapili iliyopita nilikimbia mbio za kijiji, kwenye njia ya pwani inayozunguka ghuba ya mikoko. Wenzangu wa gereji hapa Nguvumali walishanicheka: "Wewe utafika kesho." Nilitaka nisiwe wa mwisho, basi.

Kabla ya nusu ya njia nilikuwa nyuma ya wote. Maji yalikuwa yamekupwa, na bibi mmoja alikuwa akiokota chaza.

"Shikamoo bibi. Hapa panapitika?"

"Marahaba. Pita mjukuu wangu, unatokea ng'ambo pale."

Nikakatiza. Kiatu kimoja kilizama kwenye tope, nikakiacha, nikanawa miguu baharini.

Nilidhani nitawapita wawili watatu. Kumbe nimetokea mbele ya wote! Nikavuka mstari wa mwisho, vigelegele vikapigwa. "Amekimbia na kiatu kimoja, jamani!" Mwenyekiti wa kijiji akanivisha medali, akaninyanyua mkono. Mimi kusema mbele za watu siwezi, nikaishika medali tu.

Ndipo nikamwona bibi anakuja mbiombio, kiatu mkononi, tope linachuruzika.

"Mjukuu wangu! Ulikiacha kule ulipokatiza! Nimekuchimbulia!"

Mwenyekiti akauachia mkono wangu. Nikakipokea kiatu kwa mikono miwili, nikamwambia bibi ahsante.