Ndiga za Shangazi na Maji Mafu

Miezi michache iliyopita nilihudhuria maziko Usagara. Baada ya dua tuliketi mkekani kusubiri chakula, na sinia ilipotua, kijana mmoja mwenye kanzu safi alimkanya mwenziwe aliyetangulia kutia mkono: "Taratibu, bwana. Usile kama mgeni wa yule bibi wa Tongoni." Watu wakacheka. Nikamwuliza bibi huyo ni nani. Akanieleza kwa adabu zote kwamba zamani za Mwingereza palikuwa na mwanamke aliyejidai kuijua mimea ya porini, akachimbua kiazi cha sumu akidhani ni ndiga, akaangamiza mji mzima.

Mwanamke huyo alikuwa shangazi yangu, dada wa baba yangu kwa baba na mama. Hakuangamiza mji. Aliyekufa ni mtu mmoja, wala hakufa kwa sababu shangazi yangu alikosea mmea. Siku ile sikumjibu yule kijana, kwa kuwa ndani ya habari hii palikuwa na jambo ambalo sikuwa na idhini ya kulitoa. Idhini nimekwisha kuipata, na nitasema kwa nani. Niliyoyaona nitasema nimeyaona, na niliyoambiwa nitasema nimeambiwa; kazi yangu ya miaka mingi ilinifundisha kutochanganya mawili hayo.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa karani mpya katika baraza la jumbe wetu. Mvua za masika zilikatika mapema. Mahindi yalikauka kabla ya kubeba, na muhogo uliosalia ulichimbuliwa na nguruwe. Mwaka kama huo watu wa kwetu hupanda gengeni. Kusini ya Tongoni ardhi huinuka ghafla juu ya bahari, ikawa ukuta wa mawe ya matumbawe, na juu ya mawe hayo upo msitu mfupi uliosokotana: mikole, mifudu, michongoma, mibungo, na upupu wa kumwadhibu asiyetazama anapopita. Humo ndimo huota ndiga, kiazi cha mwitu ambacho kina sumu kinapotoka ardhini na huwa chakula baada ya kukatwa vipande vyembamba na kulazwa majini hadi sumu itoke.

Shangazi ndiye aliyewaongoza wanawake huko, kama mama yake alivyowaongoza kabla yake. Jumapili moja nilifuatana nao. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa ulimi, na kaniki yake aliikaza kiunoni kama mtu anayekwenda kupigana.

"Bwana karani," aliniita, "wewe uliyesoma, nisomee hili."

Nilitazama jani lililogawanyika sehemu tatu juu ya kikonyo kimoja. Nikasema ni ndiga.

"Umesoma kichwa cha habari tu. Shuka chini."

Akaushika mkono wangu, akauteremsha kwenye shina mpaka karibu na udongo, nikachomwa. Wanawake wakaangua kicheko.

"Hapo ndipo penye sahihi," akasema. "Majani matatu, na miiba chini. Pakikosekana kimoja, rudi nyuma." Kisha akanionyesha mmea mwingine hatua chache mbele, wenye jani moja pana na viazi vidogo vilivyoning'inia hewani kwenye kamba yake. "Na huyu je? Huyu hata ukifa njaa, ufe wewe, abaki yeye."

Nilijifunza pia siku hiyo desturi ambayo kisa chote hiki kinaitegemea. Mchimbaji wa ndiga hang'oi mmea. Hufukua kando, hukata kiazi, na kichwa chake, pale kinapoungana na shina, hukiacha ardhini na kukifukia, ili mwaka mwingine wa dhiki kiwepo. Kwa hiyo kila shimo la shangazi lilibaki na mmea wake hai juu yake, ukionyesha majani yake kwa yeyote mwenye kutaka kuuliza.

Jirani yetu mmoja, mzee mjane, alikuwa akitunzwa na mke wa mwanawe. Mwana mwenyewe alikuwa akikata mkonge upande wa Muheza. Mkewe alimwoa huko huko Ubondei, msichana mpole, mgeni kwetu, ambaye hata bahari alikuwa bado akiitazama kwa wasiwasi. Hakuja gengeni, alibaki na mkwewe. Tuliporudi shangazi alipita mlangoni kwake akamwekea fungu. Niliwasikia mimi mwenyewe.

"Mwanangu, ndiga unazijua?"

"Nazijua, Shangazi. Hata kwetu tunazila."

"Haya. Mpe na mzee."

Hayo tu. Kwa bahati mbaya hayo yalitosha.

Siku chache baadaye mzee na mkwewe walianza kutapika, viungo vikalegea, macho yakawa hayatulii. Msichana alipona. Mzee hakupona. Wanawake wengine waliochimba siku ile ile, katika mashimo yale yale, ndiga zao zilikuwa bado majini. Walizila baadaye, na hakuna aliyeumwa hata kichwa. Jambo hili lilikuwa wazi kama mchana, na katika baraza zima hakuna aliyeuliza sababu yake.

Maneno yalianza kisimani. Wale wale waliocheka nami gengeni walimsogezea shangazi ndoo kwa mguu. "Mjuzi, tupishe," mmoja alimwambia. "Na hayo maji usiyaguse, huenda ukayadhani mafuta." Shangazi alimjibu, "Wewe nilikuzuia mara mbili usichimbe la jani pana, mbele ya mashahidi. Chota uende." Lakini nyumbani, maana nilikuwa nikiishi kwake, hakula.

Bwana Shauri, yaani ofisa wa Kiingereza wa wilaya, alikuja kutoka Tanga kusikiliza habari ya kifo hicho. Shangazi alisimama mbele yake akasema kwamba hakukosea, na kwamba hataki kuaminiwa kwa maneno. Mashimo yapo, mimea ipo, twende. Jumbe alinong'ona kwamba jua ni kali na njia ni mbaya. Namsifu Bwana Shauri kwa jambo moja, nalo ni kwamba alisimama akavaa kofia yake.

Tulipanda. Jumbe alihema na kulaumu viatu. Nyuma yetu alikuja mdogo wa marehemu, mtu mzito wa maneno na mwepesi wa hasira, na nyuma kabisa yule msichana, ameshurutishwa kuja, amejifunika kanga mpaka puani. Shangazi alitupitisha shimo kwa shimo. Katika kila moja aliuinua mmea, akaonyesha majani matatu, akamwambia Bwana Shauri ashushe mkono. Naye aliushusha. Alichomwa, akavuta mkono, akaushusha tena penye shimo jingine, mpaka akasema kwa Kiswahili chake cha ofisini, "Imetosha, bibi. Naona. Yote ni ya namna moja." Jumbe naye alilazimika kugusa, akasema, "Kweli, ni ndiga."

Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Nilidhani jambo limekwisha. Ndipo mdogo wa marehemu aliposema:

"Vema. Kama ndiga ni ndiga, basi sumu haikutoka msituni. Muuaji yupo nyumbani kwa kaka yangu." Akamnyoshea mkono yule msichana. "Tangu alipoingia huyu mtoto wa milimani nilisema. Mume yuko mbali, mzee ana minazi yake, na mpishi ni nani?"

"Alikula naye yeye pia," nikasema.

"Karani, wewe andika. Hukuulizwa."

Bwana Shauri alimgeukia msichana. Akamwuliza kama ni yeye aliyepika. Msichana alitikisa kichwa kukubali. Akamwuliza kama alitia kitu kingine. Akavuta kanga mpaka machoni. Nilimtazama shangazi. Alikuwa bado ameushika ule mmea wa mwisho, na macho yake hayakuwa kwetu. Yalikuwa chini ya genge, kwenye hori, yaani ule mkono wa bahari unaoingia kati ya mikoko, ambako wanawake hufunga mapakacha yao ya ndiga kwenye mizizi. Kisha akauachia mmea.

"Bwana," akasema, "mimi ni mtu mzima, macho yangu si ya jana. Katika fungu lile huenda limeingia moja la jani pana. Mtoto huyu hana kosa. Aliyempa ni mimi."

Hapa ndipo hasira yangu ilipoanza, na miaka haijaipunguza. Watu wazima wawili, mmoja mwenye cheo cha serikali na mmoja mwenye kilemba cha ujumbe, walikuwa wametoka kugusa kila shina kwa vidole vyao wenyewe. Damu ilikuwa bado kwenye kidole cha Bwana Shauri. Walikuwa wamekiri kwa vinywa vyao kwamba yote ni ya namna moja. Hata hivyo waliposikia neno linalowapa njia fupi ya kurudi kivulini, walilipokea hapo hapo. Jumbe alisema, "Nilijua." Bwana Shauri aliamua kwamba ni ajali iliyotokana na kutojua mimea, na kwamba tangu siku hiyo mwanamke yule asiongoze mtu yeyote msituni. Mdogo wa marehemu hakuridhika.

Wao walitangulia kuteremka. Shangazi alinishika mkono, akanipitisha horini. Maji yalikuwa yamesimama kati ya mikoko. Jani lililoanguka lilikaa pale lilipoanguka.

"Unaona?"

Sikuona.

"Maji mafu, mwanangu. Yalikuwa hivi hivi mwezi ukiwa nusu, siku alizoloweka yule mtoto. Kwao ni mto. Unaziweka, maji yanapita usiku na mchana, siku tatu umemaliza. Hapa hatuhesabu siku. Hapa tunangoja bamvua, bahari iingie kwa nguvu na itoke yote, ichukue kilicho chake. Yeye alihesabu siku tatu katika maji yasiyokwenda. Ndiga zimelala ndani ya sumu yao wenyewe."

"Hakuonja uchungu?"

"Njaa ina ulimi?"

Nikamwambia turudi mara moja, tumweleze Bwana Shauri. Alinikazia mkono mpaka ukaniuma.

"Umwambie kwamba aliyekosea ni huyu mtoto, na yule bwana mwenye hasira amesimama pale? Atasikia 'aliyekosea', hatasikia maji. Na ukitaka haki, basi iandike yote: niliyempa ndiga bila kumpa maji yake ni mimi. Nilimwuliza kama anazijua, naye alizijua kweli. Nyamaza."

Nilinyamaza. Msichana yule aliishi kwetu, alizaa, akawa bibi kizee wa pwani kuliko sisi, akafariki. Wanawe alikuwa amewaeleza mwenyewe. Baada ya yale maziko ya Usagara niliwaendea, nikawaomba, na mkubwa wao akasema, "Andika, Babu. Mama alitaka."

Namalizia kwa niliyoyaona. Baada ya hukumu ile hakuna aliyepokea hata mboga ya mchunga kutoka mkononi mwa shangazi. Alikaa barazani kwake kama mtu aliyefungiwa, naye alikuwa mtu wa kutembea. Njaa iliporejea mwaka uliofuata wanawake walipanda gengeni bila yeye, kwa woga, kila mmoja akimwuliza mwenziwe.

Asubuhi moja mke wa mwana wa marehemu alipita katikati ya mtaa na bakuli limefunikwa kawa. Wanawake waliokuwa wakitwanga waliacha michi juu.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Ndiga, kwa nazi."

"Umechimba wapi?"

"Kwenye shimo lako. Kichwa nimekiacha."

"Na maji?"

Msichana alijibu kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia: "Ya bamvua, Shangazi. Nimeyangoja."

Shangazi alinawa, akala, akalisafisha bakuli kwa kidole. Siku ile nilihesabu watu waliopita mbele ya baraza yetu bila shughuli. Walikuja kumwona akianguka. Jioni alikuwa akifagia ua. Nilitegemea mtu mmoja, walau mmoja, aseme neno la haki. Jirani aliyemsogezea ndoo kwa mguu ndiye aliyesema, nami namnukuu sawasawa: "Ah, yule ameizoea sumu."

Nilitaka kutoka nikamjibu. Shangazi alinizuia kwa mpini wa ufagio.

"Mwache. Kesho ana njaa, atakwenda kuchimba. Atachimba wapi? Patakuwa pangu."

Na kesho yake alikwenda, nikamwona akirudi na kikapu kimejaa. Alipita mlangoni petu bila kusalimu.