Katibu wa Chama na Mkata Nyama

Elpidius Rwezaura wa Kanoni alikuwa na miaka ishirini na saba aliporudi chuoni mara ya pili. Mara ya kwanza alitoka na shahada, na watu wa kwao walidhani amemaliza. Mama yake, Ma Adventina, alikuwa amekwisha kuwatangazia majirani kwamba mwanawe sasa atatulia, aoe, afundishe hapa hapa Karagwe. Lakini mwaka wa 1954 ilikuja barua kusema kwamba akitaka kufundisha madarasa ya juu, arudi kule kule Uganda mwaka mmoja zaidi, asomee stashahada ya ualimu ya wale wenye shahada. Basi akafunga sanduku lake, akapata nafasi juu ya magunia ya lori moja mpaka Murongo, akavuka mto Kagera, akashika njia ya Mbarara.

Chuo kilikuwa kile kile, ila yeye ndiye alikuwa mgeni. Rafiki zake wote walikuwa wametawanyika makazini. Wanafunzi wa stashahada walikuwa tisa tu, wamewekwa katika nyumba ya pembeni, na vijana wa mwaka wa kwanza waliwaita "wazee." Wenzake wanane walikuwa na wake na watoto huko makwao, nao hawakutaka ila kumaliza mwaka waende zao. Tangazo lilipobandikwa kwamba tisa hao wamchague mmoja wao aingie katika baraza la chama cha wanafunzi, wote walimgeukia yeye.

"Wewe huna mke wa kumwandikia barua," mmoja alimwambia. "Nenda wewe."

Walicheka, naye akacheka. Moyoni alifurahi kuliko alivyoonyesha.

Mtu wa kwanza aliyemweleza habari hiyo hakuwa mwanafunzi. Alikuwa Melkiory, mtu mzima kutoka Rugu, aliyekuwa akikata nyama katika jiko la chuo. Jioni, kabla ya chakula, Elpidius alikuwa na desturi ya kupita nyuma ya jiko, kwenye dirisha la wavu, wakaongea Kinyambo. Waliulizana habari za mvua, za migomba, na nani amerudi kutoka wapi. Melkiory alikuwa akimwita mwanangu, na siku nyingine alimpitishia dirishani ndizi mbili za kuchoma, akisema mtu hawezi kusoma vitabu vile vyote kwa chakula cha bweni.

Katika jiko lile wakata nyama walikuwa wawili tu. Wa pili alikuwa Abdulghani, Mwislamu wa Bukoba mjini, aliyekuwa akichinja na kuchuna. Huyo ndiye aliyemwombea Melkiory kazi miaka sita nyuma, akamfundisha kushika kisu, na wakati Melkiory alipougua homa alimlaza chumbani kwake wiki nzima. Melkiory alizoea kusema kwamba hakuzaliwa na ndugu mwanamume, ndugu yake alimkuta Uganda.

Siku moja Elpidius alilalamika dirishani kwamba nyama imekuwa mifupa mitupu. Melkiory aliangalia nyuma yake, kisha akasogea.

"Nyama inaingia nzuri," alisema. "Mimi naikata mwenyewe. Vipande vizuri mkuu wa jiko anavipeleka majumbani kwa rafiki zake. Ninyi mnabakiziwa shingo na mbavu. Lakini mwanangu, hili nakuambia kama mtu wa nyumbani. Lisitoke hapa."

"Litatokaje, Ta Melkiory?" Elpidius akajibu, akimwita Ta kama mtu mzima aitwavyo kwao. "Kwani mimi ni mtoto?"

Siku tisa baadaye baraza lilikutana. Kikao kilihusu chakula, kwa maana wanafunzi walikuwa wamechoka na mifupa. Vijana wa mwaka wa pili na wa tatu walisimama mmoja baada ya mwingine, wakasema kwa ukali, na kila mmoja alipigiwa makofi. Elpidius alikaa nyuma. Hicho kilikuwa kikao chake cha tatu, na alikuwa hajapata kufungua kinywa. Mwenyekiti, kijana mwenye ulimi aitwaye Mutalemwa, akamwona.

"Na wazee wa stashahada wana neno," aliuliza, "au wamekuja kupumzika?"

Ukumbi ukaangua kicheko.  Elpidius akasimama, na kabla hajajua anasema nini alikuwa amekwisha kuyasema yote: nyama inaingia nzuri, vipande vinakwenda majumbani, shingo na mbavu ndizo za wanafunzi. Kicheko kilikatika. Mutalemwa akainama mbele.

"Una hakika gani, ndugu?"

Hapo angeweza kukaa chini. Kwa miaka mingi baadaye alikumbuka kwamba palikuwa na nafasi ya kutosha, kama ya mtu kuvuta pumzi mara mbili, ambayo angeweza kusema ni tetesi tu. Lakini watu mia walikuwa wakimtazama, na hakuwahi kutazamwa hivyo.

"Nimeambiwa na mtu anayeikata nyama hiyo kwa mkono wake," akasema.

Walimshangilia mpaka madirisha yakatetemeka. Maneno yake yaliandikwa katika kumbukumbu za kikao, na kumbukumbu zikapelekwa kwa wakubwa wa chuo. Wakubwa wakamwita mkuu wa jiko. Mkuu wa jiko akawaita wakata nyama wake wawili, akawauliza ni nani kati yao azungumzaye na wanafunzi, na jiko zima lilijua ni nani mwenye mtu wake dirishani. Siku ya nne Elpidius alipopita nyuma ya jiko hakumkuta mtu. Mwosha vyombo alimwambia Melkiory ameondoka na furushi lake asubuhi, na kwamba hakuaga.

Juma lile nyama ilikuwa nzuri. Wanafunzi walimpigapiga mgongoni mezani, wakasema ndiyo kazi yake hiyo. Naye aliila. Hilo ndilo lililomtesa kuliko yote, kwamba aliila, na ilikuwa tamu. Mwezi uliofuata walimchagua kuwa katibu wa chama.

Likizo ya Pasaka ya 1955 alirudi Kanoni. Mama yake alikuwa amesikia habari za ukatibu, akapika ndizi kwa maharage na samli, akaita watu. Elpidius aliketi katikati yao akiulizwa katibu ni mkubwa kama nani, kama karani wa bwana shauri au zaidi, akajibu kwa sauti ndogo. Siku ya tatu alimwambia mama yake anakwenda Rugu kumsalimu mtu.

"Mtu gani?" mama aliuliza.

"Mtu aliyenisaidia chuoni."

"Basi usiende mikono mitupu," alisema Ma Adventina, akamfungia mkungu wa ndizi nyuma ya baiskeli.

Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Alianza hivi, akaanza vile, na kila mwanzo aliouona mzuri ulikuwa ni wa kujitetea. Alipofika, jua lilikuwa juu. Melkiory alikuwa ndani ya kibanja akikata majani makavu ya migomba. Alipomwona aliangusha kisu, akaja akikimbia kama kijana.

"Shikamoo, Ta Melkiory."

"Marahaba, mwanangu, marahaba! Felicitas! Njoo uone nani amekuja!"

Mkewe Felicitas alitoka, akapokea mkungu kwa mikono miwili, akatandika mkeka, akaleta kahawa ya kutafuna katika kikapu kidogo. Elpidius alizichukua punje mbili, akazishika tu mkononi. Walimwuliza habari za mama, za masomo, za njia. Hakuna aliyemwuliza habari za jiko. Alikuwa anafungua kinywa aanze, Melkiory akamtangulia.

"Mungu amekuleta siku nzuri. Nina barua ya kuandikwa. Katekista wetu amekataa, anasema maneno yake si ya Kikristo."

"Barua ya nani?"

"Ya Abdulghani."

Uso wa Melkiory ulibadilika alipolitaja jina hilo. Felicitas aliinuka, akaenda zake jikoni.

"Nilifukuzwa kama mbwa, umesikia?" alisema Melkiory. "Walituambia mmoja wenu wawili amewapa wanafunzi siri za jiko. Mimi siri ile nilimwambia mtu mmoja tu chini ya jua, nawe ndiye huyo, mtoto wa kwetu. Nikakaa nikawaza. Kama si mimi, ni nani? Amebaki yeye. Amesema kwa wanafunzi, kisha akaniacha nibebe. Siku ya kuondoka alinipa mkono, nikamtemea mate miguuni mbele ya watu wote. Dada yake, Shufaa, ana duka Kayanga. Hata chumvi sinunui kwake. Lakini roho haijatua. Nataka ajue kwamba namjua. Andika."

Akamletea karatasi na kalamu. Elpidius aliweka karatasi juu ya sanduku. Melkiory alifumba macho, kwa kuwa maneno alikuwa nayo tayari, akayasema kwa Kiswahili, lugha aliyoongea na Abdulghani.

"Kwako Abdulghani. Mimi Melkiory ni mzima. Nakuambia kwamba ulinilaza chumbani mwako nilipougua ili baadaye upate kuniua vizuri. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Kuanzia leo usiseme kwamba uliwahi kuwa na ndugu Rugu. Na watoto wangu nimewaambia wakikutana na watoto wako wasi..."

Kalamu ilisimama. Melkiory alingoja, kisha akafumbua macho.

"Wino umekwisha?"

"Si wino, baba." Alikuwa hajapata kumwita hivyo. "Si Abdulghani. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Nilisimama katika baraza nikasema yote. Waliponiuliza nimejuaje, nikasema nimeambiwa na mkata nyama. Sikulitaja jina. Lakini nilisema mkata nyama."

Melkiory alimtazama. 

"Walikupiga?" aliuliza. "Walikutishia kukufukuza?"

"Hapana."

"Basi kwa nini?"

Elpidius alitafuta jibu lolote lililo bora kuliko la kweli, hakulipata.

"Walinicheka," alisema. "Nilitaka wasinicheke."

Jikoni kuni zilisikika zikivunjwa, kisha zikanyamaza. Melkiory alisimama, akatembea mpaka ukingo wa kibanja, akakaa huko akiwa amempa mgongo. Elpidius hakujua aondoke au abaki. Punje za kahawa zilikuwa zimeloa jasho kiganjani mwake.

Melkiory aliporudi sauti yake ilikuwa ya chini, kavu.

"Ichane hiyo. Andika nyingine."

Elpidius akaichana.

"Kwako ndugu yangu Abdulghani. Nilikutemea mate bure. Nilikuwa sijui." Akatafuta maneno. "Sina uso wa kukuomba radhi, ila naomba. Sasa andika ni nani aliyesema."

"Niandike jina langu?"

"Jina lako, na la baba yako, na la kwenu Kanoni. Na uandike kwamba aliyesema ndiye aliyeshika kalamu hii. Abdulghani anajua kusoma. Nataka alisome katika mwandiko wako mwenyewe."

Akaandika. Mistari ile ilikuwa miwili, naye alikuwa amekwisha kuandika mitihani ya siku nzima bila kuchoka, lakini mara mbili ilimbidi aweke kalamu chini. Alipomaliza aliisoma kwa sauti, kama alivyoagizwa, na Felicitas alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza.

"Utaipeleka dukani kwa Shufaa wewe," alisema Melkiory. "Mwambie yeye pia."

Huku kwetu mgeni husindikizwa, walau mpaka njia kubwa. Siku ile Elpidius aliondoka peke yake akisukuma baiskeli, na hapana aliyemwambia njoo tena. Kayanga alimkuta Shufaa akipima sukari. Alimweleza huku wateja wakisikia. Shufaa alimsikiliza mpaka mwisho, akaipokea barua, akasema neno moja tu, "Msomi," kisha akageukia mizani yake.

Chuoni, katika kikao cha kwanza baada ya likizo, aliomba nafasi akasimulia alichofanya. Alitaka baraza zima liandike kumtetea Melkiory arudishwe kazini. Mutalemwa alisema jambo hilo halimo katika ajenda, kisha kwa kumheshimu akaruhusu barua iandikwe. Jibu lilikuja la mistari mitatu, kwamba nafasi imekwisha kujazwa. Elpidius akajiuzulu ukatibu. Alijaribu kueleza kwa nini, lakini wenzake waliona anataka muda wa kusomea mtihani, wakampigia makofi ya shukrani, naye akasimama pale akiyapokea kwa sababu hakujua pa kuyapeleka.

Alirudi Karagwe na stashahada yake mwishoni mwa mwaka ule wa masomo, akapewa kufundisha, akamwoa Placida, binti wa karani kutoka Muleba. Kwa Shufaa alisikia kwamba Abdulghani aliijibu barua siku ile ile aliyoipata, na kwamba alipopata likizo alikuja Rugu, akamchinjia Melkiory mbuzi kwa mkono wake, wakakaa siku mbili wakiongea. Melkiory hakurudi tena Uganda. Alipanda mibuni zaidi, akazeeka palepale.

Elpidius aliendelea kwenda kumsalimu, kila Noeli na kila Pasaka. Hakufukuzwa hata mara moja. Melkiory aliitikia marahaba, akamwuliza afya ya mama na ya mkewe, akasema mvua imechelewa au imewahi, kahawa imeiva au bado. Placida alipokwenda naye mara ya kwanza alisema njiani kwamba mzee yule ni mpole sana. Elpidius alikubali. Hakumwambia jinsi alivyokuwa zamani, nyuma ya dirisha la wavu, alivyokuwa akisogea karibu, akateremsha sauti, akampa habari ambazo hakumpa mtu mwingine yeyote.

Mwaka wa 1958 walimu wa wilaya waliunda chama chao, wakaja nyumbani kwake watatu kumwomba awe katibu, kwa kuwa walisikia amewahi kuwa na cheo hicho chuoni. Aliwakaribisha vizuri, akawapa kahawa, akakataa. Walipoondoka walisema shahada imempa majivuno, na yeye, aliyewasikia kutoka uani, hakuwafuata kuwasahihisha.