Hina Iliyobaki Bakulini

Harufu ya hina mbichi iliyokandwa kwa limau hunirudisha kwenye nyumba yetu ya Kariakoo, ile iliyoezekwa kwa madebe, mama akiwa mkekani na bakuli mapajani. Kazi yake ilikuwa kuwachora maharusi. Siku hiyo alikuwa akimngoja bi harusi wa nyumba ya pili.

Aliyekuja ni mama wa bi harusi, na hakuketi.

"Shoga, safari hii pumzika. Tumemwita mwingine. Mkono wako una kiharusi."

"Kiharusi hupoozesha," mama alimjibu. "Huu wangu unatetemeka tu."

"Basi ni pepo. Nenda ukapungwe."

"Pepo gani mwoga hivi, hata yeye anatetemeka?"

Jirani alicheka, akaaga, akaenda zake.

Leo madaktari wangetuambia ni ugonjwa wa neva. Neva ndizo zinazopeleka agizo la ubongo kwenye misuli. Agizo likivurugika, mkono hucheza bila mwenyewe kutaka, na si aibu ya mtu. Wakati ule hapakuwa na wa kutueleza hivyo.

Vigelegele vilipoanza nyumba ya pili, mama aliniita, akakifungua kiganja changu, akachovya kijiti kwenye hina. Ua la kwanza lilitoka limepinda. La pili likatiririka hadi kwenye kifundo cha mkono.

"Tulia, mwanangu. Unatikisika."

Sikuwa nimesogeza hata kidole.

"Nisamehe, mama," nikasema.