Wanawake Kumi na Mmoja wa Mtaro

Jedidah alikuwa karani wa mradi wa maji karibu na Manyatta, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa ya kazi alitamani kumrushia mwenyekiti wake kikombe cha chai.

Mradi ulikuwa unatimiza miaka thelathini, na yeye ndiye aliyeandika historia yake kwenye tovuti. Wiki tatu alipanda na kushuka miteremko akiuliza watu, akiandika. Wanawake kumi na mmoja walichimba mtaro wa bomba kutoka mtoni kwa majembe na sururu, wengine wakiwa na watoto mgongoni. Aliyebaki hai ni nyanya mmoja tu, Cucu Nelius. Alikuwa ameahidiwa kwamba siku ya sherehe majina yao yatasomwa mbele ya watu wote, na hata kitambaa kipya cha kichwa alikuwa amenunua.

Asubuhi ya sherehe Jedidah alifungua ukurasa wake. Majina hakuna! Mahali pake palikuwa na mstari mmoja: "Mheshimiwa Ngari, kwa maono yake, alileta maji." Alileta maji! Ngari, mwenyekiti huyo huyo, ambaye mtaro ukichimbwa alikuwa shule ya bweni huko Meru, akila maharagwe ya bure!

Alimkuta mwenyekiti akipima hema.

"Jedidah, hiyo mambo ya wamama ilikuwa refu sana," Ngari alisema bila haya. "Watu wanataka vision. Na nilishafuta, so hakuna haja ya kelele."

Eti alishafuta. Mtu mzima anayeharibu kwa chombo asichokijua! Tovuti ile huweka kila toleo la maandishi: nani amebadilisha nini, na saa ngapi. Jedidah alirudi ofisini akafungua orodha. Toleo la kumi na tisa lilikuwa lake. La ishirini lilikuwa la Ngari, Jumapili, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Saa hiyo mzee huyu wa kanisa alikuwa kiti cha mbele, ameinamia simu, na Jedidah nyuma yake akidhani anasoma Biblia. Hasira ilimpanda hadi masikioni. Akabofya "rejesha".

Alasiri, mbele ya wageni, ukurasa ukamulikwa kwenye ukuta wa ofisi. Ngari alianza kusoma kwa sauti yake ya mahubiri, akafika penye majina, akakwama. Alimtazama Jedidah. Jedidah naye alimkazia macho. Watu walikuwa wameshaanza kusoma wenyewe, basi naye akasoma.

Majina yalipoisha Cucu Nelius alisimama. Walimpigia makofi, lakini hakuketi. Alikuwa amehesabu kwa vidole.

"Tulikuwa kumi na mbili," alisema. "Wamuyu iko wapi? Ile jiwe kubwa ya kona, ni yeye alivunja. Nani alimtoa?"

Macho yote yakamgeukia Ngari, na safari hii mwenyekiti hakuwa na kosa. Wamuyu alikuwa marehemu mama yake Jedidah. Katika matoleo yote hakuwahi kuwamo, kwa sababu bintiye aliogopa kuambiwa anawapigia debe watu wa kwao.

"Ni mimi, Cucu," Jedidah alisema, mashavu yakimchoma kwa aibu. Alienda kwenye kompyuta, akaandika jina la mama yake mbele ya wote.

Cucu alimgeukia mwenyekiti.

"Soma tena," alimwambia. "Anzia juu."