Mkono wa Mama Mdogo kwenye Uyoga wa Zongwe

Safari yangu ya Zongwe ilitokana na ukaidi wa mama. Daktari wa Kalemie alimpa vidonge vya presha, naye akasema hamezi kidonge bila maji machungu ya uyoga wa msituni, yale aliyozoeshwa na mdogo wake Astrida. Mama Mdogo Astrida alikuwa akitutumia uyoga mkavu kutoka Zongwe. Alifariki, mfuko ukaisha, mama akaacha vidonge. Miguu ikaanza kuvimba. Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikalia. Maji yalipozidi unga, nikaomba ruhusa shuleni ninakofundisha.

Alfajiri boti ya injini iliondoka Kalemie ikifuata pwani ya ziwa. Kijijini Mpala tulishusha sabuni na mafuta, na kuanzia pale abiria wakapungua. Milima ilikuwa imesimama juu ya maji, myeusi, na hakuna aliyetaka kuzungumza.

Jioni, Zongwe, Papa Donati, mume wa marehemu, alinipokea kwa ugali na dagaa. Jirani yake alikuwa ameninong'oneza kwamba mzee huyo hupanda msituni kila juma na kurudi mikono mitupu. Nilipomwomba uyoga alisema tutakwenda kesho.

Asubuhi tulipanda kufuata kijito, ndani ya ukungu. Ndege walinyamaza. Mara nikaona majani, mawe, hata utando wa buibui, vyote vimefunikwa na vumbi la kahawia, laini kama ugoro. Hapakuwa na upepo, lakini vumbi lilikuwa likielea. Papa Donati alisema uyoga huo hujulikana kwa vumbi lake kabla hujauona. Ndizo mbegu zake. Mabega yake yalikuwa yameshabadilika rangi. Yangu pia. Niliogopa kuvuta pumzi.

Kwenye gogo lililolala kando ya maji, uyoga ulikuwa umejipanga, mgumu kama ubao. Papa Donati alinionyesha alama zake: juu unang'aa wekundu wa damu iliyoganda ukipangusa vumbi, chini ni mweupe wenye vitundu vya ncha ya sindano, na ukiukwaruza kwa ukucha unabaki na mstari wa kahawia. Kisha akanieleza kazi ya Astrida. Alikuwa akibandika kiganja juu ya kila uyoga na kufuta vumbi. Baada ya juma alirudi. Alama ikiwa imefunikwa, uyoga bado unamwaga mbegu, aliuacha. Alama ikibaki wazi, umemaliza, akaukata.

Ndipo nilipouona ule mkubwa. Juu yake palikuwa na kiganja cha mtu, wazi, vidole vinne na kipande cha kidole cha tano. Kidole kidogo cha Mama Mdogo kilikatwa na panga utotoni.

“Aliugusa siku ile alirudi na homa iliyomuua,” Papa Donati akasema. “Nakuja kila juma, naukuta vile vile.”

Nilielewa kwa nini mzee hurudi mikono mitupu. Nikageuzia kisu changu kwenye uyoga mdogo mdogo wenye ukingo mweupe, msafi, wa kupendeza. Akanishika mkono.

“Ule wenye mupaka mweupe ungali unakula. Ukikata mutoto, mwaka ujao gogo njo litabaki kuni tu.”

Nikamwambia wazi kwamba mama anakufa. Aliketi kwenye jiwe muda mrefu. Halafu akaomba kisu, akaukata mwenyewe ule mkubwa taratibu, akigeuza uso pembeni.

Njia ya kurudi niliubeba ndani ya sufuria, mapajani, ili alama isifutike. Wimbi lilipopiga boti nilijikuta nikisema, “Pole, Mama Mdogo.” Mwanamke aliyekuwa karibu nami alisogea mbali.

Kalemie, nilimkabidhi mama sufuria, nikawasha moto, nikatafuta kisu. Alifunua. Aliweka kiganja chake hewani juu ya kile cha mdogo wake, bila kukigusa.

“Utamukatia wapi?” akaniuliza. “Kwenye vidole?”

Niliweka kisu chini. Mama akaomba maji ya kawaida na vidonge vyake, akameza, machozi yakimtoka. Ndipo nilipojua kuwa muda wote ule alikuwa akimlilia mdogo wake, nami nikimgombeza.